Bustani Isiyoogopa Agosti

Ukipita mitaa mipya ya Dodoma mwezi Agosti, kapeti ya nyasi ndiyo inayokuambia nyumba ipi ina kisima. Mvua hapa ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka haizidi sana milimita 500. Baada ya hapo nyasi hizo hudai maji kila jioni katika mji uliozoea mgao. Huo ni ufujaji, na hauna sababu.

Mtunza bustani Beth Chatto alipanda bustani ya kokoto kwenye maegesho ya zamani ya magari huko Essex, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Eneo lile hupata mvua inayokaribiana na ya Dodoma, na bustani haimwagiliwi. Jua letu ni kali zaidi, lakini mimea yetu imelizoea.

Anza na ile isiyobadilika umbo mwaka mzima. Mkonge husimama kama mikuki, na baada ya miaka mingi hutoa mlingoti wake mmoja wa maua, kisha hufa. Mnyaa hufanya ua imara, ila utomvu wake huunguza macho. Uwe mbali na watoto. Shubiri ndiyo niipendayo kuliko yote, kwa kuwa aina zetu nyingi huchanua kiangazi, na ndege aitwaye chozi hufuata maua yake wakati kwingine hakuna cha kunyonya. Waridi la jangwani nalo huchanua matawi yakiwa hayana hata jani.

Katikati ya mimea hiyo weka mafungu ya nyasi za asili, na zikikauka usizifyeke. Rangi yake ya dhahabu ndiyo uzuri wa Septemba, na mbegu zake hulisha ndege. Wanaohofia nyoka wana haki: panda mafungu yakiwa yameachana, mbali na ukuta, kokoto zikitenganisha. Fyeka Novemba.

Shubiri omba kwa jirani au nunua kitaluni, usiing'oe porini. Panda mvua za kwanza zikishaloweka ardhi, na chagua miche midogo, maana mizizi yake hushika upesi. Samadi iwe kidogo tu, la sivyo mmea hunenepa na kulegea. Kiangazi cha kwanza mwagilia mara moja kwa wiki, maji yazame chini kabisa. Cha pili, acha.