Kuunga Kiwiko kwa Matundu Madogo

Kiwiko, ambacho wengine hukiita kisugudi, ni maungano ya mifupa mitatu: humerasi, ambao ni mfupa utokao begani, pamoja na alna na radiasi, mifupa miwili ya kigasha. Mtu mzima aangukapo akajikinga kwa kiganja, uzito wa mwili hupanda kupitia radiasi na huweza kukipasua kichwa chake kilichomo ndani ya kiungo.

Katika upasuaji wa kawaida daktari hupasua ngozi na kuitenga misuli hadi mfupa uonekane, na njia hiyo ingali bora pale mfupa uliposagika vipande vingi. Lakini kila kinachopasuliwa hupona kwa kovu, nacho kiwiko ni miongoni mwa viungo vinavyokakamaa upesi. Kupunguza kovu na ukakamavu huo ndiyo faida hasa ya kuunga mfupa kupitia matundu madogo, wala si urembo wa ngozi.

Chombo kitumikacho ni athroskopu, bomba jembamba lenye taa na kamera, ambalo kipenyo chake ni takriban milimita 4. Mwaka 1931 Michael Burman, daktari wa New York aliyefanya majaribio kwa maiti, aliandika kuwa kiwiko hakifai kuchunguzwa kwa chombo hicho kwa sababu ya ufinyu wake, na hofu yake ilikuwa na msingi, kwani neva zinazouendesha mkono hupita karibu sana na kiungo. Kwa hiyo, kabla ya kutoboa, daktari huipapasa neva ya alna, ile ambayo ikigongwa hupeleka ganzi hadi kidole cha mwisho, akaichora njia yake juu ya ngozi kwa kalamu. Kisha hukijaza kiungo maji ya chumvi yaliyotakaswa, mililita 20 hadi 30, ili neva za mbele zisogee mbali na mfupa. Kisu hukata ngozi tu, na nyama iliyo chini yake hutanuliwa kwa koleo butu.

Kipande kilichohama husukumwa mahali pake na kushikizwa kwa waya, halafu skrubu yenye uwazi katikati hupitishwa juu ya waya huo na kichwa chake kikazamishwa chini ya gegedu, yaani utando laini unaofunika ncha za mifupa. Kivunjiko kikishikika imara, mazoezi huanza ndani ya siku chache, shabaha ikiwa mkono ujikunje kati ya nyuzi 30 na 130, mwendo unaomtosha mtu kujilisha na kunawa uso.