Duka Huishiwa Bidhaa kwa Jinsi Linavyoletewa

Mwananchi akikuta rafu tupu humlaumu mwenye duka, ilhali chanzo aghalabu kiko njiani.

Mei 2024, mvua kubwa zilizoambatana na Kimbunga Hidaya ziliharibu barabara kuu ya Dar es Salaam–Lindi katika maeneo ya Kilwa. Malori ya mizigo yalikwama, na njia mbadala ilikuwa ya kuzunguka kupitia Njombe na Songea. Katika hali kama hiyo, bidhaa haziadimiki kwa pamoja.

Mkate na soda hufikishwa mlangoni kwa gari la msambazaji, kwa ratiba. Utaratibu huu humfaa mwenye mtaji mdogo, kwani haweki shehena kubwa. Lakini gari likikosa safari chache tu, duka huishiwa. Soda ya chupa ina shida ya ziada: kreti tupu nazo husubiri gari hilohilo.

Sukari, unga na sabuni mwenye duka huvifuata mwenyewe kwa muuzaji wa jumla. Hulipa nauli ya mzigo na kufunga fedha zake stoo, ila magunia hayo humvusha kipindi cha barabara kufungwa. Mafuta ya petroli yana mlango mwingine, kwani meli huyashusha pia Bandari ya Mtwara.

Kwa maduka yanayotegemea barabara moja, busara ni kuongeza akiba ya bidhaa zisizoharibika kabla ya masika, yaani ifikapo Februari.