Mbele ya kutoboa foraje, uliza maji ya mwezi wa kumi

Mu Lubumbashi, watu wengi hawangojei tena maji ya REGIDESO. Mu vipande vingi vya commune Annexe tiyo haijafika. Njo maana, baba akipata primi ao dekonti yake ya mine, mama anasema: "Tutoboe foraje." Wazo ni nzuri. Lakini feza kama ile inakuja mara moja. Wazee wetu wa Gécamines wanajua: mu 2003, watumikaji zaidi ya 10,000 walitoka ku kazi mu Opération Départs Volontaires, na yenye ilitumiwa vibaya haikurudia.

Jambo la kwanza ni majira. Mvula yetu inaanza karibu na mwezi wa kumi na moja, inaisha mu mwezi wa tatu ao wa ine. Kisha maji ya chini ya udongo inashuka pole pole mupaka mwezi wa kumi. Fundi mwenye anasimamisha mashine mu mwezi wa pili, juu tu ameona maji karibu, anakuuzia maji ya mvula. Mu mwezi wa kumi pompe itavuta paka hewa. Kwa hiyo usianze na "Mita moja ni bei gani?" Mwambie: "Unipeleke ku lupango kwenye ulitoboa miaka tatu imepita." Pale, zungumuza na mwenye nyumba peke yake, fundi asikuwe karibu. Muulize: mu mwezi wa kumi, maji inatoka?

Ya pili, muandike kontra. Iseme mita ngapi, tiyo ya namna gani, na nani analipa kama maji haionekani. Ile ya mwisho isipoandikwa, ni wewe utalipa. Toa feza kwa vipande: kidogo mbele ya mashine kuingia, ingine wakati tiyo imeshuka, na ya mwisho kisha kupima. Kupima ni kuvuta maji saa mingi bila kusimama, na kuangalia inashuka mupaka wapi, inapanda tena kwa muda gani. Maji kuruka dakika kumi mbele ya majirani haiko kupima, ni feti.

Ya tatu ni choo. Kipimo chenye kinatumiwa mara mingi ni mita 30 kati ya choo na maji ya kunywa. Lupango zetu ni ndogo, kwa hiyo hesabia na choo ya jirani. Nafasi ikikosa, toboa chini zaidi, na fundi afunge na simenti inje ya tiyo, mita za juu zote, juu maji chafu isishuke. Kolera imekwisha kufika mu muji wetu mara mingi.

Ya ine inatugusa sisi watu wa mine. Mu 2009, wachunguzi wa UNILU na wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walionyesha kama watu wenye kuishi karibu na mine na viwanda vya Katanga walikuwa na kobalti mingi mu mukojo. Maji ni njia moja kati ya njia zenye metali inapitia. Kuchemusha kunaua vijidudu, lakini metali inabakia mu sufuria. Peleka chupa ku laboratware mbele watoto hawajakunywa.

Mwishoni, tanki. Litre 2,000 ni tani mbili juu ya vichwa vya watoto: fundi wa kusudeye aonyeshe vyuma vyake mbele ya kuipandisha. Chagua tanki yenye mwangaza haipiti, juu ndani isiote majani. Na ikuwe kubwa ya kutosha, juu umeme ukikuja usiku, muijaze kwa mara moja.

Na kama hamuna haraka, mungojee mwisho wa kiangazi njo mutoboe. Maji yenye inaonekana wakati ule ni yenye itabakia.