Shochu: Pombe kali ya Wajapani iliyofikishwa WTO

Mfanyabiashara wa vinywaji akisikia Japani hufikiria kwanza sake. Mawazo hayo yamepitwa na wakati. Mwaka 2003 shochu iliipita sake kwa wingi wa mauzo ya ndani, na hadi leo haijarudi nyuma.

Tofauti yao huanzia kiwandani. Sake ni mchele uliochachushwa na kuchujwa. Shochu nayo huchachushwa, kwa msaada wa ukungu uitwao koji unaogeuza wanga kuwa sukari, lakini baadaye huchemshwa na mvuke wake kupozwa ukawa pombe kali. Nguvu yake kwa kawaida ni asilimia 25, wakati wiski hufika 40. Wengi huinywa kwa maji ya moto.

Malighafi hutegemea mahali. Kagoshima, kusini mwa kisiwa cha Kyushu, hutumia viazi vitamu. Kisiwa cha Iki shayiri. Eneo la Kuma mchele. Visiwa vya Amami sukari guru. Viazi ndivyo vinavyomhangaisha mwenye kiwanda: huoza upesi, hivyo kazi yote hubanwa katika miezi michache ya mavuno.

Kinywaji chenyewe ni cha zamani. Mwaka 1559 mafundi seremala waliokarabati hekalu moja la Kagoshima waliandika kwenye ubao kwamba mkuu wa hekalu ni bahili, hakuwapa shochu hata mara moja. Mgogoro wa kazi, tungesema leo.

Mgogoro mkubwa zaidi ulikuwa wa kodi. Japani iliitoza wiski kodi kubwa mara kadhaa kuliko shochu, ambayo ilihesabiwa kuwa kinywaji cha mtu wa kawaida. Jumuiya ya Ulaya, Marekani na Kanada zilishitaki katika Shirika la Biashara Duniani (WTO), na mwaka 1996 Japani ikashindwa. Shirika liliamua kwamba shochu na vodka ni bidhaa za aina moja, na kwamba wiski, brandi na jini zinashindana nayo moja kwa moja sokoni. Kodi ya shochu ikapandishwa kwa hatua, ya wiski ikashushwa. Watengenezaji wadogo walikuwa na kila sababu ya kuhofia, lakini miaka michache baadaye ndipo shochu ya viazi ilipovuma hadi Tokyo.

Nje ya nchi kikwazo kimekuwa jina. Huko California, mgahawa wenye leseni ya bia na mvinyo tu uliruhusiwa kuuza soju, pombe ya Korea, isiyozidi asilimia 24. Wauza shochu wakalazimika kupunguza nguvu na kubandika lebo ya soju, yaani kumtangazia mshindani bidhaa yake. Sheria ilirekebishwa, na tangu Januari 2024 shochu huuzwa chini ya leseni hiyo kwa jina lake. Kikomo cha asilimia 24 kimebaki palepale, kwa hiyo chupa ya kawaida ya asilimia 25 bado haipiti.