Mchezaji, Mwongozaji na Mkasi

Watu watokapo katika jumba la sinema humsifu au humlaumu yule waliyemwona usoni. Aliyesimama nyuma ya kamera, na aliyeshika mkasi katika chumba cha kuungia filamu, hawatajwi. Ndugu msomaji, kisa cha picha iitwayo Sanders of the River chatosha kutuonyesha hasara ya desturi hiyo.

Picha hiyo ilitolewa Uingereza mwaka 1935. Mwongozaji wake alikuwa Zoltan Korda, na aliyeigharimia ni nduguye, Alexander. Zoltan alikuja kwanza Afrika, akarudi na filamu nyingi za ngoma, nyimbo na mitumbwi. Paul Robeson, Mmarekani mweusi, mwimbaji mashuhuri ambaye baba yake alizaliwa mtumwa kisha akatoroka, alizipenda mno. Wakati ule alikuwa London akijifunza lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo. Akadhani kuwa sasa ulimwengu utaiona heshima ya Mwafrika. Akakubali kuwa Bosambo.

Bosambo ni nani? Ni mfungwa mtoro aliyejipatia ujumbe, na cheo chake chategemea radhi ya Bwana Sanders, mtawala Mwingereza. Sanders akiondoka, nchi yawaka moto, akirudi, yatulia. Hilo ndilo fundisho lote. Nani aliyempa Sanders nchi ile, picha haiulizi.

Kijiji chenyewe kilijengwa Shepperton, karibu na London, wakaajiriwa watu weusi waliokuwa wakiishi Uingereza, makuli wa bandarini miongoni mwao. Jomo Kenyatta naye alicheza humo kama jumbe mdogo. Kuli aliyepewa ujira wa siku chache hatuwezi kumlaumu. Hakuna aliyemwonyesha hadithi nzima.

Robeson je? Yeye alieleza baadaye kwamba sehemu za kuusifu utawala wa kikoloni zilitiwa mwishoni mwa kazi. Jambo hilo lawezekana sana. Piga picha ya wavuvi wakicheza ngoma ya furaha, kisha unga mbele yake uso wa Mzungu mwenye hofu: ngoma ile ile yageuka kuwa ya vita, na wachezaji wake hawana habari. Hayo ndiyo mamlaka ya mkasi. Lakini hoja ya Robeson haitoshi. Mkasi hautii mdomoni maneno ambayo mchezaji hakuyasema, na yule anayemnyenyekea Sanders kwa kumwita Bwana ni Robeson mwenyewe. Tena anapoimba ndani ya mtumbwi, sauti yake ni nzuri ajabu, na uzuri huo ndio ulioipitisha sumu kooni mwa watazamaji. Mchezaji dhaifu angalifanya madhara machache zaidi.

Tangu hapo alibadili mwendo. Kabla ya kucheza Song of Freedom, mwaka 1936, alidai haki ya kuikubali filamu baada ya kukatwa. Humo yeye ni kuli wa London anayegundua kuwa ni wa ukoo wa kifalme wa kisiwa cha Afrika. Ni hatua, ingawa watu wa kisiwa hicho bado wameonyeshwa kuwa wajinga wanaongoja kuokolewa. The Proud Valley ya mwaka 1940 ni bora kuliko zote: Robeson ni baharia anayepata kazi ya kuchimba makaa ya mawe Wales, na wachimbaji wanampokea kama mwenzao kwa sababu anafanya kazi kama wao na kuimba pamoja nao. Hata hivyo, mlipuko unapotokea shimoni, ni mweusi anayekufa ili wenziwe wapone.

Mwaka 1942 ilitoka Tales of Manhattan, picha ya Hollywood ambayo humo alikuwa mkulima maskini, mweusi, mwenye kuimba na kusali. Aliikana hadharani, akasema yu tayari kusimama mlangoni pamoja na wanaoipinga. Hakucheza tena katika picha ya Hollywood.