Baikinman, adui asiyekoma katika vibonzo vya Japani

WATOTO wengi wa Japani humfahamu Baikinman kabla ya kujifunza kusoma. Ni kiumbe mweusi mwenye pembe mbili na mabawa madogo, na jina lake latokana na neno "baikin", yaani viini vinavyoleta maradhi. Hasimu wake ni Anpanman, shujaa ambaye kichwa chake ni mkate uliojazwa maharagwe matamu yaliyopondwa.

Vibonzo hivyo vilianza kuonyeshwa katika runinga Oktoba 1988, na tangu hapo kisa hakijabadilika sana. Baikinman huruka kwa chombo chake, akaiba chakula au kuwachokoza wanyonge. Anpanman afikapo, Baikinman humwagia maji usoni au kumpaka uchafu, kwani mkate uliolowa hauna nguvu. Mwokaji mzee, Mjomba Jam, huoka kichwa kingine upesi. Kisha ngumi moja tu humrusha Baikinman hadi upeo wa macho, huku akipiga ukelele wa "baibaikin", mchezo wa maneno unaounganisha kwaheri ya Kiingereza na jina lake mwenyewe. Hata kicheko chake, "ha-hi-fu-he-ho", si kingine ila mstari mmoja wa silabi ambazo mtoto wa Kijapani hukaririshwa anapoanza kuandika.

Siku ya pili yuko pale pale, na hila mpya.

Mtazamaji mgeni huenda akauliza kwa nini mkorofi huyu hatiwi gerezani wala hauawi. Jibu limo katika maisha ya mtunzi, Takashi Yanase, aliyezaliwa mwaka wa 1919 na kufariki 2013 akiwa na umri wa miaka 94. Katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia alipelekwa China akiwa askari, na huko akaijua njaa. Mdogo wake wa pekee aliangamia katika vita hivyo. Vita vilipokwisha, yale waliyofunzwa kuwa ni haki yakaitwa dhuluma kwa usiku mmoja. Yanase akakata shauri kwamba haki isiyogeuka ni moja tu: kumlisha mwenye njaa. Ndiyo maana Anpanman humega kichwa chake mwenyewe akampa mwenye njaa, jambo ambalo baadhi ya watu wazima waliliona la kutisha kitabu cha kwanza cha watoto kilipotoka mwaka wa 1973.

Baikinman hakuwemo katika kitabu hicho. Aliongezwa baadaye, na hoja ya Yanase ilikuwa nyepesi: shujaa akiwa chakula, adui wake hana budi kuwa viini. Lakini viini si uovu mtupu. Hamira nayo ni jamii ya vijidudu, na pasipo hiyo unga haumuki. Hata mwili wenye afya hubeba viini. Kinachotakiwa ni mizani. Shujaa huyu basi hupigana ili mizani isipotee, wala hana haja ya kumfuta mwenzake duniani.

Kinachomfanya Baikinman apendwe, kwa maoni yetu, ni bidii yake. Hushinda karakana akiunda mitambo kwa mikono yake, na nyumbani hutumwa huku na kule na Dokinchan, msichana mwenye madaha anayemtaka amletee vyakula vitamu. Mtu wa namna hiyo huwezi kumchukia. Aliyemtolea sauti tangu 1988, Ryusei Nakao, ndiye pia sauti ya Frieza, katili wa Dragon Ball Z. Tofauti ya wahusika hao wawili yaonyesha umahiri wake.

Mwaka wa 2024 Baikinman alipewa filamu ambamo yeye ndiye shujaa. Amenaswa ndani ya kitabu cha picha, anaombwa amkabili tembo anayefyonza kila kitu, naye anaunda jitu la mbao ili apigane nalo. Linaposhindwa, anamtuma mwenzake aende kumwita mtu mmoja tu awezaye kusaidia: Anpanman.