Teksi Zisizo Dereva na Haki ya Mpanda Baskeli

Khabari za teksi zisizo dereva zinazopita katika barabara za San Francisco, Marekani, hutufikia visiwani kama hekaya. Abiria huita gari kwa simu, usukani hujizungusha wenyewe, na kitini pa dereva hapana mtu. Wako wanaostaajabu na wako wanaoguna. Lakini wanaoguna zaidi si sisi tulio mbali, bali ni wenyeji wa mji ule ule, na khasa wapanda baskeli, ambao hupishana na magari hayo kila siku bila ya kinga yo yote ila kofia kichwani.

Wauzaji wa mitambo ni wepesi wa kusema kwamba mwenye shaka ni mtu wa kale anayeogopa kila kipya. Maneno hayo si ya haki. Shaka hii ina sababu, na sababu yenyewe imeandikwa.

Usiku wa tarehe 18 Machi, 2018, katika mji wa Tempe, jimbo la Arizona, mwanamke wa miaka 49 alikuwa akivuka barabara huku akikokota baskeli yake. Gari la majaribio la kampuni ya Uber, lililokuwa likijiendesha, lilimgonga akafa. Bodi ya serikali inayochunguza ajali za usafiri ilieleza mwaka 2019 kwamba mtambo ulikuwa umemwona sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Muda huo watosha kulisimamisha gari. Lakini mtambo ulikuwa ukijiuliza: je, hili ni gari, ni kitu kingine, au ni baskeli? Na kila ulipobadili jina, ulianza upya kukisia kitu hicho kinaelekea wapi. Waliouunda hawakuufundisha kwamba binadamu huweza kuvuka pasipo na kivuko. Tena breki ya dharura ya kiwandani ilikuwa imezimwa wakati gari likijiendesha.

Garini alikuwamo mwangalizi wa kuajiriwa, na macho yake yalikuwa kwenye simu. Mashtaka yalimwangukia yeye. Waendesha mashtaka walisema mwaka 2019 kwamba hawakuona msingi wa kuishtaki kampuni kwa jinai. Mwangalizi alikiri kosa mwaka 2023, akapewa kifungo cha nje cha miaka 3. Hatusemi kwamba hakuwa na hatia. Twasema kwamba waliokata shauri breki izimwe hawakusimama kizimbani. Basi siku gari litakapokosa hata mwangalizi, nani atasimama?

Jimbo la California lilikutana na swali hilo likiwa halijajiandaa. Polisi humwandikia kosa dereva. Pasipo dereva, kalamu husita. Sheria ya kuwawezesha polisi kuipa kampuni hati ya kosa ilitiwa saini Septemba 2024, ikapangiwa kuanza kutumika Julai 2026. Ilhali ruhusa ya kubeba abiria kwa malipo usiku na mchana mjini San Francisco ilitolewa na tume ya jimbo tarehe 10 Agosti, 2023, kwa kura 3 dhidi ya 1, ijapokuwa wakuu wa mji, akiwamo mkuu wa zimamoto, walionya. Oktoba mwaka huo huo gari la kampuni ya Cruise lilimburura kiasi cha meta 6 mtu aliyekwisha kugongwa na gari jingine, na jimbo likasimamisha vibali vya kampuni hiyo. Februari 2024 teksi ya Waymo ilimgonga mpanda baskeli aliyekuwa akifuata nyuma ya lori. Kampuni ilisema lori lilimficha. Nafuu yake, aliumia kidogo tu.

Upande wa pili nao usikilizwe. Desemba 2024 Waymo pamoja na shirika la bima la Swiss Re walitoa hesabu ya safari za maili milioni 25.3: madai ya watu kujeruhiwa yalikuwa pungufu kwa asilimia 92 kuliko ya madereva binadamu. Hatuibezi hesabu hiyo. Mtambo haulewi wala hausinzii, na madereva wetu wengine, Mungu awastahi, hufanya yote mawili. Lakini mpanda baskeli hutembea kwa kutazamana macho na dereva: huyu hupunga mkono, yule hutikisa kichwa, wakapishana. Kwenye kiti kitupu atamtazama nani?

Mitambo hiyo haijafika Unguja wala Pemba. Huku baskeli ndiyo ibebayo samaki, majani ya ng'ombe na mtoto wa skuli, katika njia nyembamba zisizo na ukingo. Ikitokea siku kampuni ikabisha hodi serikalini na karatasi zake nzuri, twawaomba wakubwa wanaohusika wasianze kwa kuuliza bei ya kibali. Waulize kwanza jina la mtu atakayeitwa mahakamani, na sheria hiyo iwe imekwisha pitishwa Barazani kabla ya gari la kwanza kushushwa bandarini.